Usianze na Wati: Namna ya Kuchagua Spika ya Gitaa

Mpiga gitaa akitaka kubadilisha spika ya amplifaya yake, swali la kwanza analompa fundi au muuzaji huwa ni hili: niweke ya wati ngapi? Naye hujibiwa kwa wati, hela inatoka, biashara imekwisha. Shida ni kwamba wati zilizoandikwa nyuma ya spika hazisemi itatoa sauti kubwa kiasi gani. Zinasema spika hiyo inavumilia umeme kiasi gani kabla koili yake haijaungua. Ukubwa wa sauti umeandikwa kwingine, kwenye karatasi ya vipimo ya kiwanda, na umeandikwa kwa desibeli. Hiyo ndiyo namba ninayotaka uijue kabla hujatoa hata shilingi.

Namba hiyo hupatikana hivi. Spika hupewa umeme wa wati moja, maiki ya kupimia huwekwa mita moja mbele yake, na sauti inayofika pale husomwa kwa desibeli. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 huangukia kati ya 96 na 102. Kwa macho, tofauti hiyo ni ndogo. Lakini kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuuzidisha umeme wa amplifaya mara mbili, na kila desibeli 10 ni sawa na kuuzidisha mara kumi. Ni kwenye hizo 10 ndipo sikio la kawaida husema kwamba sasa sauti imekuwa kubwa maradufu. Kwa hiyo anayetoka kwenye amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 100 kwa kutegemea sauti mara mbili amelipia desibeli 3 tu.

Chukua mfano wa Celestion, kampuni ya Uingereza. Ina spika iitwayo Blue, ile iliyojipatia jina ndani ya amplifaya ya Vox AC30. Blue inavumilia wati 15 tu, lakini namba yake ni desibeli 100. Kampuni hiyohiyo ina G12T-75, inayovumilia wati 75, na namba yake ni 97. Zifunge kwa zamu kwenye amplifaya moja ndogo, usiguse kitufe chochote, na ile ya wati 15 itaipita ile ya wati 75 kwa desibeli 3. Ni kana kwamba umenunua amplifaya nyingine yenye nguvu mara mbili, na kumbe umebadilisha spika.

Tahadhari moja: linganisha namba hizi ndani ya kiwanda kimoja kadiri unavyoweza. Kila kiwanda kina namna yake ya kupima, na namba yenyewe ni wastani wa masafa mengi. Spika mbili zenye desibeli 100 zinaweza kusikika tofauti kabisa endapo moja imeinuka kwenye eneo la hezi 2,000 hadi 4,000, ambako sikio la binadamu ni kali zaidi. Celestion Vintage 30, iliyotoka miaka ya 1980, inajulikana kwa tabia hiyo. Hujichomoza katikati ya bendi hata ikilingana kwa namba na spika ya jirani.

Basi swali la kuanzia ni jingine. Unapigia wapi, na kwa sauti kubwa kiasi gani, katika siku zako za kawaida? Jibu kwa kufuata wiki yako ilivyo, si kwa kufuata tamasha moja la mwaka.

Ushauri wa rock na gitaa la kwetu

Maandishi mengi kuhusu spika za gitaa yametoka kwa wapigaji wa rock na blues. Wao hutaka amplifaya izidiwe mpaka sauti ikwaruze, na kazi yao ni kuupata mkwaruzo huo bila kuwasumbua majirani. Ndiyo maana huhimizana kuchukua spika za wati chache na desibeli chache. Kwao ni ushauri mzuri. Lakini anayepiga rumba, sebene, muziki wa dansi au gitaa la kwaya anatafuta kinyume chake. Anataka kila noti isikike peke yake, iking'aa, hata vidole vinapokimbia kwenye nyuzi nyembamba. Msikilize Franco na TPOK Jazz, au Mbaraka Mwinshehe alipokuwa Morogoro Jazz. Magitaa yanapishana bila kukanyagana kwa sababu kila moja ni safi. Ukiweka mkwaruzo kwenye solo na ridhimu kwa pamoja, ule ufumaji wote unageuka uji.

Sauti safi hudai akiba ya nguvu. Unapoudonoa uzi, mwanzo wa noti huruka juu ya wastani wa sauti yako kwa desibeli 10 au zaidi, kisha hushuka mara moja. Mruko huo ukikutana na ukomo wa amplifaya, hukatwa kichwa, na hapo ndipo mkwaruzo unapoanzia. Mpiga solo wa muziki wetu anahitaji nafasi ya kutosha juu ya wastani wake ili miruko ipite salama.

Tupige hesabu ya bendi yenye drams. Tuseme wastani wa gitaa ni desibeli 100 ukisimama mita moja, na miruko inafika 110. Ukiwa na spika ya desibeli 97, unahitaji kama wati 20 safi. Ukiwa na spika ya 100, wati 10 zinatosha. Ukiwa na spika ya 102, kama Cannabis Rex ya Eminence inayokaribia namba hiyo, kiasi cha wati 6 tu. Kazi ni ileile, sauti ni ileile, lakini wa kwanza amplifaya yake inahema na wa tatu yake imestarehe. Kwa mtu wa sauti safi mwenye amplifaya ndogo, sijui fedha inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo ya kununua desibeli za spika. Kama fungu lako ni dogo na amplifaya yako ya wati 15 au 20 inakwaruza mapema kwenye bendi, badilisha spika kwanza.

Mafundi wa zamani walipambana na jambo hilihili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko California, mpiga gitaa Dick Dale alikuwa akiziunguza spika alizoletewa na mtengenezaji wa amplifaya Leo Fender, mpaka ikapatikana amplifaya ya Showman yenye spika ya JBL ya inchi 15 iliyoweza kumstahimili. Jim Marshall wa London yeye alipanga spika nne za Celestion kwenye boksi moja, na sababu mojawapo ni kwamba spika za wakati ule zilivumilia wati chache. Zikigawana mzigo, zinapona. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ilikwenda njia nyingine: ilitumia transista badala ya valvu, ikawa na wati 120 zilizogawanywa kwenye spika mbili za inchi 12, na usafi wake bado unatafutwa hadi leo.

Kumbuka vifaa vile vilizaliwa kwa kazi gani. Spika ya gitaa ndiyo iliyoubeba ukumbi mzima, kwa sababu spika za ukumbini zilikuwa dhaifu na zilimtosha mwimbaji tu. Leo maiki huwekwa mbele ya amplifaya, gitaa likatoka kwenye spika kubwa za ukumbi, na amplifaya ya jukwaani inabaki na kazi ya kukusikilizisha wewe na wenzako. Hilo peke yake limepunguza sana sauti unayoihitaji kutoka kwenye boksi lako.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Bendi na kwaya zetu nyingi huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa, kisha hushangaa kwa nini linachoma masikio. Spika ya gitaa huishia karibu na hezi 5,000; juu ya hapo haitoi kitu cha maana. Huo upungufu ndio uzuri wake, maana unachuja ukali wa nyuzi na mkwaruzo wa vidole. Spika ya ukumbi yenye honi hupanda mbali zaidi ya hapo, ikaleta yote. Amplifaya ndogo yenye spika halisi ya gitaa na maiki moja mbele yake italifanya gitaa lisikike kama gitaa, na haihitaji kuwa kubwa.

Chumbani na sebuleni

Tuje nyumbani, ambako wengi wetu ndiko tunakopiga saa nyingi zaidi.

Sauti ya kufanyia mazoezi sebuleni bila ugomvi na jirani ni kama desibeli 75 ukiwa mita moja. Kwa spika ya 98, hiyo ni wati moja iliyogawanywa mara 200. Rudia kuisoma hesabu hiyo, maana inafuta hadithi nyingi. Watu husema spika ya wati 25 hulainika na kuanza kuimba hata kwa sauti ndogo, na kwamba ya wati 75 hubaki imelala. Kwa kiasi hicho cha umeme, zote mbili zimelala. Koni haijasukumwa hata kidogo. Kinachozitofautisha sebuleni ni rangi ya sauti yake ya asili: besi ina kiasi gani, trebo ni laini au kali, katikati pamejaa au pametoboka.

Na sikio nalo hubadilika. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell huko Marekani walionyesha kwamba sauti ikishuka, sikio hupoteza besi mapema, na trebo ya juu kabisa pia, huku katikati pakibaki. Ndiyo maana amplifaya iliyokufurahisha jukwaani husikika nyembamba na yenye pua ukiwa chumbani. Kwa nyumbani tafuta spika yenye besi iliyojaa na katikati pasipochomoza. Celestion G12M-65 Creamback, yenye desibeli 97, ni mojawapo ya zinazofaa. Zile zinazosifiwa kwa kujichomoza kwenye bendi ndizo zitakazokuchosha kati ya kuta nne.

Desibeli chache zina faida nyingine ya nyumbani ambayo haisemwi vya kutosha. Washa amplifaya ya wati 20 yenye spika ya 100 na usikilize kinachotokea kwenye kitufe cha volyumu. Kwenye 1 kuna kimya kinachovuma. Unasogeza kidole unywele mmoja, na kabla ya kufika 2 mtoto aliyelala ameshtuka. Kazi yote ya mazoezi inafanyika kwenye kipande cha upana wa kucha. Ukiweka spika iliyo chini kwa desibeli 3 au 4, kipande hicho hutanuka, ukapata mahali pa kuweka sauti yako na kuirudia kesho.

Kuna waliolichukulia suala hili kwa uzito zaidi. Eminence, kampuni iliyoanza mwaka 1966 huko Kentucky, ilitoa spika za Maverick na Reignmaker zenye kitufe nyuma ya sumaku. Ukikizungusha, nguvu ya sumaku inayoifikia koili hupungua, na sauti hushuka hadi desibeli 9 hivi. Hiyo ni sawa na kuugawa umeme mara nane bila kugusa amplifaya. Ni wazo zuri kwa mtu mwenye amplifaya moja anayeipiga nyumbani na jukwaani. Wenye amplifaya za valvu wanaweza pia kuweka kati ya amplifaya na spika kifaa cha kupunguza nguvu, ambacho humeza sehemu ya umeme na kuugeuza joto. Ila hakikisha kinavumilia wati zako na omu zake, nitakazozieleza mbele, zinalingana.

Kwa anayepiga nyumbani tu, sina sababu ya kumpeleka kwenye spika ya inchi 12. Ya inchi 10 iliyotengenezwa vizuri, ndani ya boksi lenye nafasi, itamtosha.

Kabla hujanunua, inua boksi

Spika ya gitaa ya inchi 12 hutupa besi pande zote, lakini trebo huitupa mbele tu, kwenye njia nyembamba iliyonyooka. Amplifaya nyingi huwekwa sakafuni, nyuma ya mpigaji, zikielekea kwenye magoti yake. Yeye aliyesimama juu ya njia hiyo husikia sauti iliyofifia, akaongeza trebo, akaongeza volyumu. Mama aliyeketi kwenye benchi la tatu kanisani, mita sita mbele, yuko katikati ya njia hiyo, na kila alichoongeza mpigaji kinamchoma yeye. Mchungaji akilalamika, mpigaji hukasirika, maana kwa masikio yake amplifaya ipo chini.

Weka amplifaya juu ya kiti au kreti la soda, au iegemeze nyuma itazame kichwa chako. Utapunguza mwenyewe bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza utasikia spika yako ikoje kweli. Wengi wanaodhani wanahitaji spika mpya hugundua hapo kwamba hawaihitaji.

Boksi nalo lina kauli. Boksi lililo wazi nyuma hutawanya sauti kwenye chumba na ni rafiki wa nyumba na kanisa dogo. Lililofungwa husukuma mbele, lina besi nzito, na hufaa pale unapotaka sauti isiwafikie wapiga vinanda walioko nyuma yako. Na ukiongeza spika ya pili inayofanana na ya kwanza, umeme wa amplifaya ukibaki uleule, unapata karibu desibeli 3 kwa aliye mbele. Anayehitaji sauti zaidi baa, mwenye spika moja, afikirie boksi la pili la ziada kabla ya kufikiria amplifaya kubwa. Kwenye kazi ndogo anaacha boksi hilo nyumbani, mradi omu ziwe zinakubaliana, jambo tunalolifikia sasa hivi.

Kwa wanaopiga nje, kwenye harusi za uwanjani na bustani za baa, mjue kwamba palipo wazi kila umbali unapozidi maradufu sauti hushuka desibeli 6. Desibeli 112 za mita moja zinabaki 94 ukifika mita 8. Hakuna ukuta wa kukurudishia. Hapa ndipo mahali pa spika zenye namba kubwa, 100 na kuendelea, au pa maiki na spika za ukumbi. Na msisahau kuwa mamlaka za mazingira za Tanzania na Kenya zinashughulika na kelele. Kutegemea amplifaya ya jukwaani ifike mpaka barabarani ni kumtafutia mwenye baa matatizo.

Sasa wati, na omu

Ukishajua desibeli unazozitaka, rudi kwenye wati kwa ajili ya usalama. Amplifaya ya valvu ikizidiwa hutoa umeme unaokaribia maradufu ya ule ulioandikwa. Kwa hiyo kama una spika moja tu, chagua inayovumilia walau mara mbili ya wati za amplifaya: wati 22 kwa spika ya 50 ni salama. AC30 ya jadi hutumia Blue mbili, na hata hizo, zenye jumla ya 30, huishi pembezoni. Wati za ziada kwenye spika hazidhuru. Zinabadilisha sauti kidogo, kwa sababu koili ya spika inayovumilia mengi kwa kawaida ni kubwa na nzito.

Omu, ile alama ya Ω nyuma ya spika, hazina majadiliano. Amplifaya ya transista ina kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye tundu la spika. Usishuke chini yake. Ukipanda juu haitaungua, ila itatoa nguvu pungufu. Ile inayotoa wati 100 kwenye omu 4 itatoa nusu yake au zaidi kidogo kwenye omu 8. Amplifaya ya valvu inataka omu zilezile zilizoandikwa, na usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kufa. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa 4. Zikiunganishwa mfululizo huwa 16. Tumia waya wa spika, ule mnene wenye nyaya mbili sawa. Waya wa gitaa umetengenezwa kwa umeme mdogo mno.

Kubadilisha spika hakuhitaji kuufungua mwili wa umeme wa amplifaya. Usiufungue. Kapasita za amplifaya ya valvu hubaki na volti mamia hata baada ya kuchomoa plagi, na zimewahi kuua watu.

Kwenye maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue utaonyeshwa spika za gari na za ukumbi zenye maandishi ya wati 1,000. Hizo huwa ni wati za kilele cha mara moja, si za kuvumilia saa nzima. Spika ya besi ya gari kwa kawaida ina omu 4 na desibeli zinazozunguka 90. Ukiifunga kwenye amplifaya ya gitaa umeitupa karibu nguvu yako yote, na amplifaya ya transista inayodai omu 8 inaweza kuungua. Spika ya ukumbi ya inchi 12 ni afadhali kwa nguvu, lakini imetengenezwa ikitegemea honi iimalizie trebo. Peke yake husikika kama gitaa lililofunikwa blanketi.

Spika ya gitaa iliyotumika, kinyume chake, inaweza kuwa ununuzi mzuri sana. Nenda na testa ya kupimia omu. Spika ya omu 8 husoma 6 au 7. Ya 16 husoma 12 hadi 13. Ya 4 husoma 3 na kitu. Isiposoma chochote, koili imekatika. Kisha weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka katikati ya koni, usukume ndani taratibu na kwa usawa. Ikiwa kuna mkwaruzo, hata ule wa kuusikia kwa vidole tu, koili imepinda au imebabuka. Iache. Kwa wa Mombasa, Tanga na Unguja, angalia kutu kwenye fremu na ukungu kwenye karatasi, kwa sababu hewa ya chumvi haisamehe. Uliza pia kama imewahi kubandikwa koni mpya. Fundi mzuri huirudisha spika hai, lakini akitumia karatasi na koili nzito za spika za ukumbi, uzito ule unaula usikivu wake, na ile namba uliyoisoma kwenye karatasi ya kiwanda si yake tena.

Masikio yako na ya wenzako

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, 97 kwa nusu saa, 100 kwa robo saa. Ni zilezile desibeli 3 tulizokuwa tukizinunua na kuziuza tangu mwanzo. Bendi ya baa hupiga saa nne au tano, usiku baada ya usiku. Mlio unaobaki masikioni ukifika nyumbani ni dalili kwamba masikio yameumizwa, na chembe za kusikia zikifa hazioti tena.

Kwa hiyo nikiulizwa na mpigaji wa kanisa la watu 200 mwenye amplifaya ya wati 20, mwenye kutaka sauti safi, ningemwambia aiinue amplifaya, aweke maiki mbele yake, na achague spika ya desibeli 97 au 98 yenye trebo laini. Mwenzake wa bendi ya dansi isiyo na maiki kwenye magitaa, mwenye amplifaya ileile, ningempeleka kwenye 100 au zaidi, ili apate usafi bila kuibana amplifaya. Kwa mwenye kazi zote mbili, boksi la pili ni jibu bora kuliko spika kali moja.

Ukishafunga spika mpya, usiihukumu siku hiyohiyo. Koni ikiwa mpya huwa ngumu, na trebo yake hulainika baada ya saa kadhaa za kupigwa kwa sauti ya kawaida. Kama umeweka mbili kwenye boksi moja, hakikisha zinakwenda upande mmoja: gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye nyaya za boksi kwa sekunde moja, na koni zote mbili zitoke mbele au zirudi nyuma kwa pamoja. Moja ikitoka na nyingine ikirudi, besi inafutana. Geuza waya za mojawapo. Kisha mkabidhi mwenzako simu yenye programu ya kupimia sauti, akae wanapokaa wasikilizaji, nawe upige wimbo mzima kama unavyoupiga siku ya shughuli. Simu si kipimo cha maabara, lakini itakuonyesha kama uko kwenye 85 au kwenye 100. Ukiridhika, andika kwa wino ndani ya boksi omu, wati na desibeli za spika uliyoweka, ili fundi atakayelifungua baada yako asibahatishe.